Pumzi wanayo, mguso ndio hawana

Wiki iliyopita tulifungwa manne bila na shule ya kata ya jirani. Filimbi bado iko shingoni, Mkuu akanifuata kwenye mstari: "Madam, hawa mabinti hawana pumzi. Kuanzia Jumatatu wape raundi kumi za uwanja kila siku, mpira wauguse Alhamisi." Ni mtu wa nne kuniambia hivyo mwaka huu. Wa kwanza alikuwa mlinzi wa getini. Nikaitikia "sawa Mkuu", maana wazazi walikuwa wanasikiliza. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyameza.

Mabinti hawa wengi wao hutembea kilomita tatu au nne kuja shule, na jioni wanarudi kwa miguu hiyo hiyo wakikuta ndoo inawasubiri. Asubuhi wana mchakamchaka. Miguu ya kwenda mbali wanayo tangu darasa la tatu.

Kipindi cha pili nilichukua daftari nikamfuata mchezaji mmoja tu, namba nane wetu. Pasi inamjia, wala si kali. Anaipokea kwa mguu uliokaza kama mchi, mpira unadunda mita tatu mbele yake. Anaukimbilia, mpinzani anauwahi. Sasa ageuke, amfukuze yule hadi karibu na boksi letu. Mita arobaini za mbio, zote zimezaliwa na mguso mmoja. Ndani ya dakika kumi nikaandika vijiti sita vya namna hiyo. Baadaye kidogo ameshika kiuno, na pale nje watu wanaambiana: unaona, pumzi.

Mwaka 2022 kule India, Serengeti Girls, timu ya taifa ya mabinti wa Tanzania, walifungwa na Japani manne bila kama sisi. Siku chache baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1, na wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Sidhani kuna aliyewabadilishia mapafu katikati ya mechi hizo mbili.

Kinachoniudhi hasa ni hilo neno "pumzi", kwa sababu tunalitwisha mizigo mitatu. Wa kwanza ni uwezo wa kwenda mwendo mrefu bila kusimama. Huo raundi zinaujenga, sikatai, na unasaidia mwili kutulia haraka baada ya mbio fupi. Wa pili ndio wa mpira wenyewe: kuchomoka mita kumi, kusimama ghafla, kugeuka, kutembea kidogo, kuchomoka tena, na mara ya thelathini uwe bado na kasi inayokaribia ile ya kwanza. Raundi za uwanja zinakufundisha mwendo mmoja na kukunja kona upande mmoja. Sijaona mechi inayochezwa hivyo.

Wa tatu hautajwi kabisa. Kuna binti anachoka kwa sababu damu yake ina upungufu wa madini ya chuma. Yuko kwenye umri wa kukua kwa kasi, kila mwezi anapoteza damu, na tangu uji wa asubuhi hajala kitu. Huyo ukimwongezea raundi unamwongezea kizunguzungu. Nikimwona mchezaji aliyekuwa hodari ameanza kuburuta miguu bila sababu, namwita pembeni, namuuliza amekula nini na hedhi yake ikoje, kisha namwelekeza zahanati akapimwe damu. Dagaa na maharage yapo sokoni. Chai ya rangi juu ya chakula nawaambia waisogeze mbele saa moja au mbili, kwa kuwa inazuia chuma kuingia mwilini. Wananiona mnoko.

Basi tunafanya nini? Wanne kwa wanne, uwanja wa mita 30 kwa 20, chupa zenye mchanga ndizo koni. Dakika nne wanacheza, mbili wanapumzika, mara nne. Mpira ukitoka, aliye karibu anaukimbilia na kuurudisha papo hapo, asipatikane wa kusimama. Jaribu kuongea mwishoni mwa awamu ya tatu uone. Moyo unapanda kuliko kwenye raundi, na humo humo kila mmoja kapokea, kapiga pasi, kapiga chenga, kanyang'anywa, karudi kuutafuta.

Tuseme ukweli lakini. Walimu wengi wa michezo hawakimbizi watoto kwa sababu ya sayansi. Una mabinti 24 na mipira miwili. Raundi kumi zinawashughulisha wote nusu saa nzima wala hakuna anayelalamika kwamba hajapata zamu. Nimefanya hivyo misimu miwili, najua raha yake. Siku hizi nawagawa: wanane kwenye mchezo, wanane kwenye rondo (duara la kupasiana, wa katikati wakiuwinda mpira) na mpira wa pili, wanane waliobaki hawana mpira, wanafanya kuruka na kutua.

Kituo hicho cha tatu ndicho Mkuu anakiita michezo ya chekechea. Goti la binti huchanika kano ya katikati ya goti (ACL) mara nyingi zaidi kuliko la mvulana, na kwa kawaida hakuna aliyemgusa: ametua vibaya au amegeuka ghafla, magoti yameingia ndani yakakaribia kugusana. Nafumba macho nasikiliza wanavyotua. Nikisikia "puu!" nawarudisha. Nataka watue kama paka, magoti yakielekea kwenye vidole. Programu ya FIFA 11+ ina mazoezi ya aina hii, dakika kama 20 kabla ya mazoezi, na utafiti wa Norwei uliotoka mwaka 2008 kwa mabinti wa miaka 13 hadi 17 ulionyesha majeraha makubwa yakipungua karibu nusu. Ila wakiruka-ruka wiki mbili tu wakaacha, hakuna kitu.

Shaka ninazo. Danadana, kwa mfano: ninaye anayefika mia na kwenye mechi hawezi kutuliza pasi ya mita kumi. Bado nawapa, labda kwa kuwa wanaipenda. Na waliokuwa kidato cha pili mwaka jana mwaka huu wana kasi zaidi, lakini pia wameongezeka kimo. Huenda wangefika hapo hata ningewachezesha rede.

Jumatatu Mkuu alipita uwanjani saa kumi. "Leo hawakimbii?" Golikipa akataka kumjibu, sauti ikagoma, akainua mkono kuomba asubiri kwanza.

Mpira mmoja umeingia mwiba wa michongoma jana, na sindano ya pampu imekatikia ndani ya mwingine. Kwa hiyo kesho, Mkuu, labda utaziona raundi.