Simenti haiponyi ukuta: dhana potofu kuhusu makanisa ya kale ya Uingereza

"Simenti ni ngumu kuliko chokaa, kwa hiyo ni bora." Wazee wa kanisa husema hivyo kila ukuta unapoanza kumong'onyoka, na mara nyingi aliyeuharibu ni fundi aliyetangulia na karai lake la simenti. Inachosha kusikia. Ugumu ndio ugonjwa wenyewe.

Ukuta wa kanisa la parokia la karne ya 13 au 14 una sura mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati pameshindiliwa vifusi na chokaa. Hauna tabaka la kuzuia unyevu, na msingi wake mara nyingi ni wa kina kifupi. Mvua huingia, kisha upepo na jua huitoa, na mlango wake wa kutokea ni maungio ya chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe na ina vinyweleo. Huliwa yenyewe ili jiwe lisalimike. Ikiisha, inachokonolewa na kuwekwa nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake.

Simenti ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, wakati kuta hizi zilikuwa zimesimama karne nyingi bila hiyo. Ukizibia maungio kwa simenti, husinyaa na kuacha ufa mwembamba kama unywele kandokando ya jiwe. Maji hufyonzwa humo, halafu hayana pa kutokea ila kupitia jiwe. Chumvi huganda ndani ya vinyweleo vya jiwe na kulimenya. Baridi ikikaza, maji huwa barafu, hutanuka na kubandua uso wake. Mwishowe mawe yamedidimia na simenti imechomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ndani nako lipu inavimba, ncha za boriti za mwaloni zilizolala ukutani zinaoza, na wadudu wanaotoboa mbao huufuata mwaloni wenye unyevu. Aliyeona nyumba ya matumbawe ya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ikipigwa lipu ya simenti anaujua mwenendo huu.

Kabla ya kugusa maungio, tafuta maji yanakotoka. Kagua gata na mabomba ya mvua wakati mvua inanyesha, si siku ya jua. Angalia pia ardhi ya nje: mazishi ya karne nyingi huinua makaburi hata udongo ukawa juu ya sakafu ya kanisa. Ukiziba maungio bila kurekebisha hayo umepoteza fedha za sadaka.

Kisha chokonoa kwa nyundo na patasi nyembamba hadi kina kiwe mara mbili ya upana wa ungio, kisipungue milimita 25. Grainda isikaribie, itakata kingo za mawe na kidonda hicho hakifutiki. Pale simenti ilipong'ang'ania kiasi kwamba ukiing'oa inaondoka na jiwe, iache. Changanya kipimo 1 cha chokaa kwa 2.5 au 3 vya mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo. Ukitumia chokaa ya haidroliki, yaani ile inayokaza kwa maji, yenye namba 3.5 hutosha kuta nyingi, na jiwe laini litake namba 2. Namba hiyo inaonyesha nguvu tu, si daraja la ubora, kwa hiyo kukimbilia 5 kwa kuwa ni kubwa ni kurudi kwenye kosa lilelile. Usiongeze "simenti kidogo tu".

Lowesha ukuta, shindilia chokaa kwa tabaka, na ikianza kukaza, ikiwa bado inapokea alama ya ukucha, igonge kwa brashi ngumu ili vinyweleo vifunguke. Ifunike kwa magunia yenye unyevunyevu kwa siku kadhaa, maana ikikauka haraka hugeuka unga. Chini ya nyuzi 5 za selsiasi acha kazi. Na kama ni kanisa la Church of England, anza na idhini ya dayosisi. Fundi asipandishe jukwaa kabla yake.

Dhana ya pili ni ndugu wa ile ya kwanza: eti mawe matupu ndani ya kanisa ndiyo hali ya asili. Sivyo. Kuta za enzi za kati zilipigwa lipu, zikapakwa chokaa na kuchorwa picha. Wengi waliozikwangua ni warekebishaji wa karne ya 19, na hasira dhidi yao ndiyo iliyomfanya msanii na mwandishi William Morris na wenzake waunde chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877. Chokaa iliyopakwa karne ya 16, wakati wa Matengenezo ya Kanisa yaliyoleta Uprotestanti, kuficha picha ndiyo iliyozitunza nyingi. Katika kanisa la Wenhaston, Suffolk, mbao zilizopakwa chokaa zilitupwa nje mwaka 1892. Mvua ikaziosha, na picha ya Hukumu ya Mwisho ikajitokeza. Kwa hiyo usikwangue hata pembe moja kabla mtaalamu wa michoro ya ukutani hajaiona.

Dirisha dogo lililo chini karibu na madhabahu halikuwa la wenye ukoma kutazamia misa. Mengi yamekaa pembe ambayo huoni madhabahu kabisa. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kengele iliyopigwa hapo Sakramenti ilipoinuliwa. Sanamu ya shujaa aliyelala amekunja miguu haimaanishi alikwenda vita vya msalaba. Ulikuwa mtindo wa wachongaji. Na si kila sanamu iliyovunjwa ni kazi ya askari wa Oliver Cromwell wa karne ya 17: nyingi ziliondoka karne moja kabla, chini ya mfalme Edward VI.

Boriti za paa nazo hazikutoka kwenye meli. Matundu matupu ya boriti hizo mnayoyaonyesha wageni ni ya paa au nyumba ya zamani. Mwaloni ulitumiwa tena na tena. Mbao mpya zilichongwa zikiwa mbichi, ndiyo maana zimepinda na kupasuka kufuata urefu. Nyufa hizo hazihitaji kujazwa kitu.