Chujio la pembeni na chujio la njia kuu: oili inavyosafishwa katika injini za magari ya zamani

Mwenye gari la miaka ya 1930 au 1940 huanza kwa kuuliza aweke oili gani. Lipo swali linalotangulia hilo: katika injini yake, uchafu wa oili unakwenda wapi? Jibu la swali hili ndilo linaloamua oili ya kununua na muda wa kuimwaga.

Oili hutenganisha vyuma vinavyosuguana, hubeba joto, huziba upenyo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na huzoa uchafu: masizi, vumbi lililovutwa pamoja na hewa, maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, na chembe za chuma kilicholika. Kati ya krenkishafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na beringi zinazoishikilia mna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Shafti inapozunguka huvuta oili mpaka ikajengeka utando unaoibeba, na chuma hakigusi chuma. Chembe iliyo kubwa kidogo kuliko utando huo ndiyo mbaya, kwa sababu inapenya halafu inakwaruza pande zote mbili.

Injini za mwanzo hazikuwa na chujio lolote. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa hata na pampu ya oili. Gurudumu zito lililo nyuma ya injini lilirusha oili juu, nyingine ikaingia kwenye bomba dogo lililoipeleka mbele, kisha ikateremka yenyewe kurudi nyuma huku ikijaza vibirika vilivyo chini ya konirodi, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na krenkishafti. Kila konirodi iliposhuka ilichota oili hiyo na kuitapanya ndani ya injini. Kujua kiasi kilichobaki, dereva alifungua vibomba viwili vya ubavuni. Mfumo huo ulivumilia uchafu kwa sababu mbili. Mzunguko wa injini ulikuwa wa polepole, na beringi zilimiminwa kwa aloi laini ya bati ya aina aliyoivumbua Isaac Babbitt mwaka 1839. Chembe ngumu ikiingia humo huzama ndani ya beringi badala ya kuichimba shafti. Uchafu mwingine ulituama chini ya sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini, ukawa tope, ukisubiri siku ya kusafishwa.

Mwaka 1923 Ernest Sweetland na George Greenhalgh walileta chujio la oili la magari lililoitwa Purolator, na mwaka uliofuata Chrysler ikalifunga kwenye gari lake la kwanza. Magari mengi ya miongo iliyofuata yalifungwa chujio la pembeni, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wanaona kopo la chujio kando ya injini wakadhani oili yote inapita humo kabla ya kufika kwenye beringi. Sivyo. Pampu hupeleka oili moja kwa moja kwenye beringi ikiwa na uchafu wake, na sehemu ndogo tu, mara nyingi karibu asilimia 10, ndiyo inayochepushwa kupitia tundu jembamba, ikachujwa, ikarudi kwenye sampu. Tundu hilo limefanywa jembamba makusudi: likipanuliwa, presha inayotakiwa kwenye beringi inavujia kwenye chujio. Ukibadilisha mabomba au viungio vyake, hakikisha tundu hilo limebaki.

Chujio la pembeni lina sifa ambayo haithaminiwi inavyostahili. Kwa kuwa halina haraka, linaweza kuwa na matundu madogo sana na kunasa chembe ambazo chujio la kisasa huziachia. Upungufu wake ni kwamba chembe inaweza kupita kwenye beringi mara nyingi kabla ya zamu yake kufika. Tena likiziba, injini haitoi dalili yoyote, maana beringi zinaendelea kupata oili. Ukitaka kujua kama linafanya kazi, ligusie mkono kwa uangalifu baada ya safari, injini ikiwa na moto: kopo lililobaki baridi halipitishi oili.

Chujio la njia kuu lilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hapo oili yote hupita kwenye chujio kwanza. Likiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, valvu ya dharura hufunguka ili beringi zisikauke. Oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Volkswagen Beetle ilibaki nje ya mkondo huo kwa miongo mingi: injini yake ilikuwa na wavu wa chuma tu, unaozuia vipande vikubwa, na takriban lita 2.5 za oili. Mwenye Beetle husafisha oili yake kwa kuimwaga mapema.

Sasa turudi kwenye oili yenyewe. Oili za kisasa zina kemikali za kusafisha, zinazouzuia uchafu usitue na kuubeba ukielea. Penye chujio la njia kuu hilo ni jambo jema. Pasipo na chujio, uchafu unaoelea unazunguka mpaka oili imwagwe, kwa hiyo muda wa kubadilisha lazima uwe mfupi. Hata hivyo sikubaliani na wanaoshikilia kwamba gari la zamani linahitaji oili isiyo na kemikali yoyote. Daraja hilo la oili, API SA, kwa maelezo ya API wenyewe (Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayopanga madaraja ya oili) halifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1930.

Hatari ya kweli iko kwenye injini iliyotumia oili ya kale kwa miaka mingi bila kufunguliwa. Tope lililoganda likianza kulegea linaweza kuziba njia za oili au wavu wa pampu. Injini kama hiyo ifunguliwe sampu, tope likwanguliwe kwa mkono, wavu uoshwe, ndipo iwekwe oili yenye kemikali za kusafisha. Oili ya kwanza imwagwe mapema sana, kwa kuwa itatoka nyeusi.