Kisa cha upelelezi cha kinyumenyume: jinsi Columbo ilivyotengenezwa

Kisa cha kinyumenyume ni kile ambacho mtazamaji anamwona muuaji akiua kabla mpelelezi hajatokea. Swali la "nani kaua?" linakwisha mapema, linabaki "atanaswaje?" Mwingereza R. Austin Freeman aliutumia mtindo huu katika hadithi fupi zilizotoka kitabuni mwaka 1912. Kwenye televisheni, waliouzoesha watu ni Wamarekani Richard Levinson na William Link, kupitia mpelelezi wao Luteni Columbo wa polisi wa Los Angeles. Bert Freed alimwigiza kwanza mwaka 1960, Thomas Mitchell akamcheza jukwaani mwaka 1962, na Peter Falk akamchukua mwaka 1968. Kituo cha televisheni cha NBC kilianza kurusha mfululizo wenyewe mwaka 1971.

Robo saa ya mwanzo, wakati mwingine zaidi, ni ya muuaji: chuki yake, maandalizi, mauaji, kisha uongo wa kuonyesha alikuwa kwingine. Luteni hayupo kabisa. Ndiyo maana nafasi ya muuaji haikupewa mwigizaji wa kubahatisha. Akipwaya, watazamaji wanabadili stesheni kabla nyota hajaingia. Patrick McGoohan aliitwa kuua katika vipindi vinne.

Mwandishi huanza na kidokezo cha mwisho, kile kitakachomfunga muuaji, halafu anarudi nyuma kukificha mahali ambapo mtazamaji atakiona bila kukijali. Kipindi cha mwaka 1973 chenye Donald Pleasence ni mfano safi. Anacheza Adrian Carsini, mtengeneza mvinyo. Anampiga ndugu yake, anamfungia kwenye ghala la mvinyo akiwa hai, anazima mtambo wa kuingiza na kupoza hewa na kusafiri kwenda New York. Ndugu anakosa hewa na kufa. Yote hayo tunayaona, ila hatufikirii kwamba mtambo ukizimwa siku za joto kali, mvinyo ulio chupani nao unaharibika. Columbo anachukua chupa moja kutoka ghala lile na kupanga imfikie Carsini mezani hotelini. Carsini anaonja, anafoka kwamba mvinyo umeharibiwa na joto. Ulimi wake mwenyewe umetoa ushahidi, na hakuna mwingine mezani ambaye angeonja tofauti ile.

Mtindo huu huharibika kwa njia mbili hasa. Kwanza, kamera ikikaa mno juu ya kidokezo, mtazamaji anamtangulia mpelelezi na saa nzima inayobaki inakuwa ya kumsubiri afike. Pili, muuaji akikiri kwa sababu tu muda umekwisha. Vipindi kadhaa vya Columbo vina kasoro hii ya pili. Wakili wa kawaida tu angeusambaratisha ushahidi wa Luteni mahakamani.

Kwa kuwa fumbo la jina halipo, mvutano unabebwa na mazungumzo ya watu wawili. Hapo ndipo ile tabia ya Luteni kuaga, kufika mlangoni, kisha kugeuka na "kitu kimoja tu" inapofanya kazi: muuaji ameshashusha pumzi, naye anamrudia. Chanzo chake ni uvivu wa kuchapa. Levinson na Link walipokuwa wakiandika mchezo wa jukwaani, onyesho moja lilitoka fupi na Columbo alikuwa ameshaondoka. Badala ya kuchapa upya kurasa zote kwa taipureta, wakamrudisha mlangoni aulize tena. Koti la mvua lililochakaa nalo halikubuniwa na idara ya mavazi. Lilikuwa la Falk mwenyewe.

Mwaka 1976 watengenezaji walijaribu kuuvunja mtindo: katika kipindi cha mauaji ya komodoro (cheo cha wanamaji), kilichoongozwa na huyohuyo McGoohan, muuaji anafichwa hadi mwisho, na Columbo anawakusanya washukiwa wote chumba kimoja. Mashabiki wengi hukiweka miongoni mwa vipindi dhaifu, na ni haki yao: bila muuaji wa kumkaba, Luteni anazungukazunguka kati ya watu ambao hakuna hata mmoja tunayemjua vya kutosha.