Wajina wanaotuchanganya: dhana na ukweli

Hivi karibuni, kwenye kibanda cha kahawa jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, mzee mmoja alikunjua kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga zake, akakutana na jina "Job", akaanza kumsifu marehemu Spika kwa kazi aliyoifanya alipokuwa balozi wetu China. Kijana muuza kahawa alihisi pana kosa, lakini hakuweza kusema liko wapi.

Kosa ni kudhani kwamba Job wa Dodoma alikuwa mmoja. Balozi alikuwa Job Lusinde, waziri katika baraza la Uhuru la mwaka 1961, ambaye baadaye alituwakilisha China na Kenya na kufariki dunia mwaka 2020. Spika alikuwa Job Ndugai, aliyeingia bungeni kutoka Kongwa mwaka 2000, akakalia kiti cha Spika kuanzia 2015 hadi alipojiuzulu Januari 2022, na akafariki Agosti 2025. Jina hilo ni la Biblia, na katika nchi ya Wagogo, ambako wamisionari wa Kianglikana waliweka vituo Mpwapwa na Mvumi, majina ya ubatizo ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa. Tena Biblia ya Kiswahili humwita mtu huyohuyo Ayubu, kwa hiyo Job wa Kongwa na Ayubu wa Kondoa ni wajina, ingawa huenda wenyewe hawajawahi kulifikiria jambo hilo.

Dhana nyingine inamhusu Mkwawa. Wapo wanaosikia kwamba Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge wakaamini ni yule aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Ukweli ni kwamba mtawala yule wa Wahehe, ambaye jina lake Mkwavinyika ndilo lililofupishwa likawa Mkwawa, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Spika alikuwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, aliyeanza kuongoza Bunge mwaka 1962 na, ukiacha miaka miwili hivi katikati ya miaka ya 1970, akaendelea hadi 1994. Wawili hao wanakutana mahali pamoja tu: mwaka 1954 fuvu la babu liliporudishwa kutoka Ujerumani, mjukuu, aliyekuwa chifu wa Wahehe wakati huo, ndiye aliyelipokea, na hadi leo limehifadhiwa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa.

Gavana aliyelikabidhi fuvu hilo aliitwa Edward Twining, jambo linalonikumbusha akina Edward wawili wa Monduli, Sokoine na Lowassa. Wote walikuwa wabunge wa huko na wote wakawa mawaziri wakuu, lakini hawakuwa ndugu wa familia moja. Aliyefariki katika ajali ya gari Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, ni Sokoine.

Dhana inayoleta taabu zaidi ni ile ya kudhani kwamba jina la mwisho ni la ukoo kila mara. Kwetu jina la pili aghalabu ni la baba na la tatu la babu. Kwa hiyo Hassan wa Ali Hassan Mwinyi ni baba yake, ilhali katika Samia Suluhu Hassan baba ni Suluhu na Hassan yuko ngazi moja juu. Kufanana huko hakuwafanyi marais hao wawili kuwa jamaa. Vilevile mtoto huweza kupewa jina la babu yake. Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa Aprili 1972. Mwanawe, Amani Abeid Karume, alikuwa rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Mhariri mmoja aliwahi kunisahihishia jina hilo la pili akidhani nimeteleza, na makala ikatoka ikieleza kwamba mtu aliyeuawa mwaka 1972 alishinda uchaguzi wa mwaka 2000.