Leza haiendeshi chombo cha angani

Wapenzi wa anga huku Kisumu wana msemo wao: "chombo kinaendeshwa kwa leza". Hakiendeshwi. Urambazaji wa leza ni upimaji tu. Pigo la mwanga linatoka, linajibiwa, muda unahesabiwa, umbali unajulikana. Kinachosukuma chombo ni injini zake. Mvuvi anayerudi Dunga usiku hutazama taa za ufukweni ajue alipo, lakini taa hazimpigii kasia.

Wala leza haiishindi redio, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kupima hivyo, kwa kasi; zote husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ubora wake ni ufupi wa pigo: ukikosea nanosekunde moja (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) katika safari ya kwenda na kurudi, umekosea umbali kwa sentimita 15 tu.

Kinachokera zaidi ni kuchanganya Mwezi na anga za mbali. Mwezini kuna vioo vya kurudisha mwanga ulikotoka tangu safari ya Apollo 11 mwaka 1969. Ukipiga leza, mwanga hurudi wenyewe baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Kioo hicho karibu na Mirihi hakikufai kitu. Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unaorudishwa na kioo hupungua mara 16, kwa kuwa hutawanyika wakati wa kwenda, kisha hutawanyika tena wakati wa kurudi. Chombo chenye leza yake hujibu kwa nguvu mpya, kwa hiyo mwanga wa kila safari hupungua mara 4 tu. MESSENGER, chombo cha NASA kilichotumwa Utaridi, ilifanya hivyo mwaka 2005 kutoka kilomita milioni 24: kila upande, chombo na kituo cha Dunia, ulirusha mapigo yake na kuandika saa ya kutuma na ya kupokea. Saa za pande mbili zikipishana, hesabu huliondoa kosa hilo.

Mawingu ndiyo hakuna hesabu ya kuyaondoa. Redio huyapenya, leza hapana. Kituo kando ya ziwa letu kingepoteza saa nyingi. Tena umbali peke yake haukuambii kama chombo kimeyumba kushoto au kulia. Hapo pembe nayo lazima ipimwe.

Psyche, chombo cha NASA kilichotumwa kwenye asteroidi, hutajwa sana kama mfano. Ni kweli, Desemba 2023 ilituma video kwa leza kutoka kilomita milioni 31, ikapokelewa na darubini ya Palomar, California. Lile lilikuwa jaribio la kutuma data. Njia yake bado ilipimwa kwa redio, kupitia antena za NASA zilizoko Goldstone, Madrid na Canberra.