FC United of Manchester: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mjadala wa Manchester United ukifika tu kwa wamiliki wake, familia ya Glazer, hakosi mtu wa kuitaja FC United of Manchester, na hapo ndipo maneno yasiyo na msingi huanza.

"Ni timu ya vijana ya Man United."
Hapana. Ni klabu inayojitegemea kabisa. Ilianzishwa mwaka 2005 na mashabiki waliokasirishwa na Malcolm Glazer kuinunua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa fedha za mkopo, kisha mzigo wa deni akaachiwa klabu yenyewe. Tayari walikuwa wamechoshwa na bei za tiketi na saa za mechi kubadilishwa ili kuiridhisha televisheni.

"Basi ni wasaliti."
Neno hili linaniuma. Wengi wao hawakuacha kuipenda Man United. Walichokataa ni fedha zao kuingia mfukoni mwa Glazer. Wakakubali kuanzia chini kabisa, daraja la kumi katika ngazi za soka la Uingereza, na bado msimu wa kwanza walipata wastani wa watazamaji takriban 3,000 kwa mechi za nyumbani. Wakapanda daraja mara tatu mfululizo.

"Mashabiki hawawezi kuendesha klabu."
Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. FC United ni mali ya wanachama, na kila mwanachama ana kura moja. Aliyenunua hisa nyingi za kujengea uwanja hamzidi kura mzee aliyelipa ada ya mwaka peke yake. Jezi haina jina la mdhamini kifuani, kwa sababu wanachama wenyewe waliamua hivyo. Mwaka 2009 walianzisha utaratibu wa shabiki kupanga mwenyewe atalipa kiasi gani kwa tiketi ya msimu, mradi asishuke chini ya kima kilichowekwa.

Kwa takriban miaka kumi walicheza viwanja vya kupanga, hasa Gigg Lane wa klabu ya Bury. Mei 2015 wakafungua Broadhurst Park, uwanja wao katika eneo la Moston, kwa mechi ya kirafiki dhidi ya Benfica. Sehemu ya gharama ilitoka kwenye hisa za watu wa kawaida. Mambo hayakuwa mteremko wakati wote: mwaka 2016 ulizuka mgogoro mkali baina ya wanachama na uongozi, na viongozi wakaondoka. Lakini hapo wanachama walikuwa na mahali pa kuwahoji viongozi wao. Shabiki wa Old Trafford, uwanja wa Man United, anaandamana nje ya geti.

"Madaraja ya chini ni ndondo tu."
Waulizeni Rochdale. Novemba 2010, katika raundi ya kwanza ya Kombe la FA, FC United waliwafunga 3-2 ugenini, bao la ushindi likija dakika za nyongeza. Rochdale walikuwa madaraja manne juu yao, wakilipwa mishahara ya kucheza mpira, huku wapinzani wao wakiwa na kazi nyingine za kuwapa riziki. Raundi iliyofuata wakatoka sare ya 1-1 nyumbani kwa Brighton, kabla ya kulala 4-0 kwenye marudiano.

"Uanachama ni wa watu wa Manchester."
Si kweli. Hata anayeishi Mombasa anaweza kujiunga, na kura yake itahesabiwa sawa na ya mkazi wa Moston.