Bahasha ya udongo: Wasumeri na ulinzi wa mikataba

Watu wengi hudhani maandishi yalibuniwa ili kuhifadhi sifa za wafalme na hadithi za miungu. Vibao vya Uruk, mji wa kale wa Wasumeri kusini mwa Iraki, vinasema vingine. Vile vya awali kabisa, vya mwaka 3300 KK hivi, vingi ni hesabu za ghala: shayiri, pombe, kondoo, posho za vibarua. Karani alifinyanga udongo mbichi ukawa kibao, akachora alama kwa kijiti cha tete. Baadaye aliacha kuchora akawa anagandamiza, na alama zikapata umbo la kabari. Ndiyo maana tunauita mwandiko wa kikabari.

Kufikia 2600 KK hivi, makarani wa Shuruppak, mji mwingine wa Wasumeri, walikuwa wakiandika mauzo ya mashamba na nyumba: ukubwa, bei, muuzaji, mnunuzi, na majina ya mashahidi.

Ila udongo ukilowanishwa hulainika, na tarakimu hufutika kwa kidole. Dawa yake naiona miongoni mwa mbinu bora kabisa katika historia ya nyaraka. Kibao cha mkataba kilivikwa tabaka jingine la udongo, kama bahasha. Juu ya bahasha karani aliandika tena makubaliano yaleyale, kisha wahusika wakaviringisha juu yake mihuri yao yenye umbo la silinda. Anayetaka kuchezea maandishi angeweza kuyafikia ya nje tu. Ukizuka ubishi, bahasha ilivunjwa, ya ndani yakasomwa. Baadhi ya bahasha zimetufikia zikiwa nzima, hazijavunjwa kwa zaidi ya miaka 4,000.

Mahakama nazo ziliweka kumbukumbu. Huko Girsu, mji mwingine wa Wasumeri, karne ya 21 KK, wakati eneo hilo lilipotawaliwa na wafalme wa mji wa Ur, makarani waliandika hukumu chini ya kichwa cha maneno “ditila”, yaani shauri limekwisha. Hukumu hizo hutaja wadaiwa na wadai, nani aliapa, waamuzi ni akina nani, na ofisa aliyesimamia shauri, aliyeitwa mashkim. Mengi ni mambo ya nyumbani: ndoa, talaka, urithi. Mengine, nayo ndiyo hunigusa zaidi, ni ya watumwa waliosimama mbele ya waamuzi wakidai kwamba wao ni watu huru. Mara nyingi walishindwa, wakarudishwa kwa mabwana zao, na karani akayaandika majina yao pamoja na ya waliowashinda.